Tela la jeshi lililogeuzwa nyumba ya dago: kazi ya mafundi wawili wa Chake

Nianze na bei, kwa sababu ndilo swali ninaloulizwa kila tukisimama Konde, huku kwetu Pemba, kununua mikate. Tela lenyewe tulilinunua Dar es Salaam kwa shilingi 3,500,000. Kulivusha hadi bandari ya Mkoani kulikula 640,000. Kazi yote ya gereji, pamoja na mbao, vyuma na turubai, ilikuwa 5,200,000. Jumla 9,340,000. Si pesa kidogo kwa mwalimu wa skuli na mume mwenye mikarafuu 40, lakini tumeshalala humo usiku 23 na nina la kusema juu ya kila shilingi.

Mimi ni mtoto wa Mkojani, mtu wa kisiwa cha Kojani. Baba akienda dago, kambi ya wavuvi, tangu sijazaliwa: msimu ukifika wanapakia chombo, wanakwenda zao pwani za mbali, mwezi, miezi miwili, hata mine, wanalala kwenye mabanda ya makuti na kukausha samaki. Sisi tunabaki na mama. Akirudi anatuhadithia jinsi maji ya kunywa yanavyogawiwa kwa kata moja moja, na jinsi upepo ukigeuka usiku wote wanavyoamka bila ya kuamshwa. Watoto wa kike hatukupelekwa dago hata siku moja. Hamu ile haijanitoka, na nilitaka wanangu watatu, wawili wakiwa wasichana, walale kwenye mchanga na wausikie ule upepo wenyewe, si wa kuhadithiwa.

Gari tunalo, Land Rover Defender 110 ambalo baba mkwe akibebea karafuu. Tukatafuta tela la kulifaa. Mume wangu akaliona hili kwa mtu aliyelinunua mnadani akalisahau chini ya mwembe: tela la mizigo la jeshi la Kiingereza, aina ya Sankey, lile linaloitwa la robo tatu ya tani, lililoundwa kuvutwa na Land Rover. Bodi yake ni ya chuma kizito, mlango wa nyuma unaanguka chini, na magurudumu yake ni yale yale ya gari, inchi 16, nati tano. Hilo la magurudumu ndilo lililotufanya tutoe pesa siku ile ile. Tairi moja ya akiba inatosha gari na tela, na ukipata pancha Makangale usiku, hutafuti kitu ambacho hakipo kisiwani.

Sasa mafundi. Gereji iko Machomane, Chake Chake, haina kibao wala jina. Kuna fundi wa chuma na kuna mwenzake ambaye kwa asili ni fundi wa vyombo, amejenga ngalawa na mashua na kutia mikono kwenye majahazi mawili. Wanafanya kazi chini ya paa moja la mabati kwa sababu ni mtu na shemeji yake. Tulikuwa tumeshapita gereji nyingine mbili. Ya kwanza walitaka kukata chasisi waifanye ndefu. Ya pili walitaka kutoa springi za jeshi waweke za gari dogo ili tela "liwe laini". Hawa wa Machomane walilizunguka tela kimya, yule wa chuma akalala chini yake kama robo saa, akatoka amejaa vumbi akasema: "Mwalimu, huku chini tusiguse kitu ila kutu. Walioliunda walijua linakokwenda." Nikamwambia mume wangu hapa tumefika.

Na kweli hawakugusa. Chasisi, ekseli na springi zimebaki kama zilivyotoka kiwandani. Walichofanya ni kufungua madramu ya breki, ambayo yalikuwa yameshikana kwa kutu, kubadilisha beringi na sili, kupiga brashi ya waya kila pembe, kupaka rangi nyekundu ya kuzuia kutu mara mbili na juu yake rangi ya majani makavu. Pete ya kuvutia nayo wameiacha. Gari letu lilikuwa na kile kidude cha tufe la chuma la milimita 50 ambacho wengi wanacho. Wakatuambia tukitoe, wakafunga kulabu ya mtindo wa jeshi. Mwanzo niliona gharama ya bure. Siku gari lilipoinama kushoto kwenye mtaro wa maji ya mvua na tela likainama kulia, nikaona pete inajizungusha ndani ya kulabu bila ya kulalamika, nikaelewa nililipia nini.

Kazi ya mbao ndiyo niliyoipenda kuliko zote, nayo nitaieleza kwa urefu. Ndani ya bodi wamejenga sanduku la ngazi mbili. Chini ni makabati na droo za jiko, juu ni kitanda cha watoto, na kifuniko kinachofunguka kwa bawaba ndicho kinachobeba hema letu wazee. Fundi wa vyombo hakutaka kutumia skrubu peke yake. Mataruma, yaani mbavu za sanduku, ameyachonga kwa mtondoo, mbao ile ile anayotia kwenye mashua, na kila msumari ameuzungushia pamba iliyochovywa mafuta kabla ya kuupiga, ili maji yasipate njia ya kufuata chuma. Viungo vya nje amevikalafati. Nilikaa kwenye ndoo nikamtazama asubuhi nzima: anasokota pamba kwenye paja, anailaza kwenye ufa, anaipiga kwa patasi butu na nyundo ya mbao, tok tok tok, mpaka sauti inabadilika. Nikamuuliza anajuaje imetosha. Akasema sikio linajua. Nyumbani nikajaribu na mtungi wa maji juu ya kile kifuniko, lita 20 nzima. Tone halikuingia.

Tulibishana kuhusu sifa. Yeye alitaka mbao zote zipakwe sifa, yale mafuta ya papa, ndani na nje, kama chombo. Nikamwambia, fundi, wanangu watalala humo na mimi nitapika humo, harufu ya papa tutaipeleka wapi? Akanijibu kwa upole kwamba jua la wiki tatu linaimaliza. Tukakubaliana: sifa chini ya sakafu na pande za nje tu, ndani mafuta ya nazi na vanishi ya maji. Harufu ilichukua wiki tano, si tatu. Lakini mbao za chini, ambazo ndizo zinazopigwa na tope na maji ya chumvi, mpaka leo ukizimwagia maji yanakimbia kama kwenye jani la mgomba.

Hema limeshonwa na fundi wa maturubai wa Wete, si wao, kwa hiyo siwapimi kwa hilo. Ni zuri, ila madirisha ya chandarua nimeyarudia mwenyewe kwa cherehani kwa sababu matundu yalikuwa makubwa na mbu wa msitu wa Ngezi hawana simile. Jiko ni droo inayovutwa nje upande wa kivuli, ina nafasi ya mtungi wa gesi wa kilo 6, plate mbili, na ubao wa kukunia nazi. Ubao wa mbuzi niliuomba mimi, walinishangaa, kisha walipouona umekaa vizuri wakaomba kuupiga picha. Kuna betri moja, paneli ya sola kwenye kifuniko, taa tatu na sehemu ya kuchajia simu. Hatukuweka friji. Samaki tunanunua wakiwa bado wanaruka.

Muda. Waliniahidi wiki tano, nikapewa tela wiki ya kumi na moja. Karafuu ziliingia katikati na vijana wao wote wakaenda kuchuma, hilo nalielewa kwa sababu hata kwetu mume wangu aliacha kila kitu. Nisichokielewa ni kutoambiwa. Mara nne nilipanda gari ya abiria kutoka kwetu Wete nikafika nikakuta tela liko pale pale, na fundi ananipa kiti na soda. Nilitaka simu moja tu. Mtu anayekwenda kwao apange miezi mitatu, na akikabidhi malipo ya kwanza akubaliane nao siku ya kupigiana simu kila wiki.

Kosa kubwa, ambalo lingeweza kutuumiza, tuliligundua safari ya kwanza. Ilikuwa Disemba, skuli zimefungwa. Tukajaza tangi la maji la lita 80, tukapakia, tukatoka Wete alfajiri. Kwenye tambarare hakuna tatizo. Tulipoanza kuteremka mlima wa kwanza, mume wangu akiwa kwenye kilomita 60 kwa saa, nikasikia gari linavutwa mgongoni. Tela lilikuwa linatupa mkia kushoto, kulia, kushoto, kila mara zaidi ya mara iliyopita. Hakukanyaga breki kwa nguvu, Mungu ampe umri. Aliachia mafuta polepole mpaka likatulia. Tukakaa kando ya barabara chini ya mfenesi, watoto kimya kabisa, mikono yangu inatetemeka.

Hatukuendelea. Tulirudi nyumbani kwa mwendo wa punda, nikafanya nilichopaswa kukifanya kabla. Tuna mizani ya kupimia magunia ya karafuu tunazopeleka ZSTC, shirika la serikali linalonunua karafuu. Tukalisimamisha tela palipo sawa, tukaiweka mizani chini ya mkono wa kuvutia, pale kwenye pete. Kilo 26. Tela lililojaa tulilikadiria kilo 800, na kanuni ya matela ni kwamba kama sehemu moja ya kumi ya uzito wote ikae kwenye kulabu ya gari. Maana yake tulitakiwa kuona kilo 80 au karibu yake. Mzigo ulikuwa nyuma ya ekseli, na tela lenye mkia mzito ni rahisi kuyumba likipata mwendo, halihitaji hata upepo. Nikafungua kabati. Tangi la maji, kilo 80 likijaa, walikuwa wamelifunga nyuma kabisa karibu na mlango, kwa sababu huko bomba lilikuwa fupi na rahisi kufikia.

Niliwapigia simu nikiwa na hasira. Sitawanyima haki yao: fundi wa chuma hakujitetea hata kwa neno moja. Alikuja Wete kesho yake kwa pikipiki, na vifaa mgongoni. Akatazama mizani, akasukuma mkono wa tela juu kwa kidole, akasema "Hili kosa langu, mwalimu, nililifikiria bomba sikulifikiria gari." Akalihamisha tangi mbele ya ekseli, kama mita moja na nusu kutoka lilipokuwa, akarefusha bomba hadi jikoni, akatia na ubao katikati ya tangi kupunguza maji kuchezacheza. Tukapima tena: kilo 77. Hakutaka malipo, nikamlipa mafuta ya pikipiki kwa nguvu. Tangu siku ile tumeteremka mlima ule mara nyingi na tela linafuata kama mtoto aliyeshikwa mkono. Lakini nasema wazi kwa yeyote atakayepeleka tela lake popote, si kwao tu: pima mkono kabla hujatoka. Mizani ya karafuu ipo kila kijiji Pemba.

Mambo mengine mawili madogo. Taa za jeshi zilikuwa za volti 24 na gari letu ni la volti 12, kwa hiyo walibadilisha zote wakaweka za LED, kazi nzuri. Ila waya wa ethi, ule wa kurudisha umeme kwenye betri, hawakuuvuta hadi kwenye gari. Waliiachia pete na kulabu zipitishe umeme. Pete ikiingia mchanga na girisi, taa zinakonyeza. Mume wangu amevuta waya wake mwenyewe kwa shilingi 12,000 na tatizo likaisha. La pili ni bati la alumini walilozungushia jiko. Wameligandamiza moja kwa moja juu ya chuma, bila ya mpira katikati, na baada ya miezi mitatu ya hewa ya chumvi nimeanza kuona unga mweupe kuzunguka kila ribiti. Alumini na chuma vikikutana kwenye chumvi, alumini ndiyo inayoliwa. Fundi wa vyombo analijua jambo hili kwa misumari yake. Nashangaa hakumwambia shemeji.

Safari ya pili ndiyo ilikuwa safari. Tulipita kwa sheha kumwarifu, tukasimama kwenye ofisi ya msitu wa Ngezi tukalipa kinacholipwa, tukaingia. Njia ile ya msituni ina mizizi na madimbwi, na miti imefungamana juu mpaka mchana unakuwa kama magharibi. Tela lilipita kwenye michirizi ile ile ya magurudumu ya gari, sikulisikia hata kugonga. Wanangu waliwaona popo wa Pemba wananing'inia kama matunda meusi, popo ambao hawapo pengine popote duniani, na mmoja alipofungua mabawa, yanayokaribia mita moja na nusu, yule mdogo alijificha nyuma yangu halafu akachungulia tena.

Tulipotokea pwani ya Vumawimbi tukapunguza upepo wa matairi yote sita, gari na tela, hadi paundi 18. Watu hupunguza ya gari wakalisahau tela, na hapo tela linakuwa nanga. Kaskazi ilikuwa inavuma moja kwa moja kutoka baharini na hema letu lilipiga makofi usiku kucha, ingawa halikuvuja na halikung'oka. Usiku wa pili tukahamia upande wa pili wa rasi, Verani, ambako kaskazi inakatwa na ardhi. Kuhama kulituchukua dakika 25, kukunja hadi kukunjua, na hicho ndicho kipimo changu cha kazi ya hawa mafundi: mwanamke mmoja na watoto watatu wanaweza kuikunja nyumba mume akiwa anaswali.

Kitu kimoja ambacho tela halitakufanyia: kuhesabu mwezi. Tulifika siku ya kumi na nne ya mwezi mwandamo, bamvua, maji yanapanda hadi kwenye mizizi ya mikadi. Egesha juu ya ule mstari wa majani makavu ya baharini, na ukitoka lioshe tela kwa maji matamu siku ile ile, hasa springi na madramu. Mimi hutumia bomba la kunyunyizia dawa ya shambani, lita 16, linatosha.

Mwezi wa Februari nikampeleka baba. Ana miaka 74, magoti hayapandi ngazi, kwa hiyo alilala chini, kitanda cha watoto, na watoto wakalala nje chini ya turubai kwa furaha yao. Usiku nilimsikia ameamka. Upepo ulikuwa umegeuka kidogo. Nikateremka nikamkuta amekaa kwenye mlango wa nyuma wa tela, anapitisha dole gumba kwenye viungo vya mbao, taratibu, kiungo kimoja baada ya kingine. Akaniuliza, "Kakalafati nani hii?" Nikamwambia ni fundi wa Machomane. Akasema mkono wake ni wa kusini, wa Mkoani huko, anaujua kwa jinsi pamba inavyolazwa. Nilipokuja kumuuliza fundi, akasema ndiyo, alifundishwa na babu yake Mkoani.

Kwa mwenye tela zima la jeshi na subira ya miezi mitatu, nawapendekeza bila ya kusita. Mwenye kutaka kazi ya haraka au friji na mapazia, atafute kwingine. Fika Machomane, ulizia fundi wa matela na shemeji yake wa mashua, mtoto yeyote atakupeleka. Waambie kabla ya kuanza: tangi mbele ya ekseli, waya wa ethi hadi kwenye gari, mpira chini ya alumini. Langu nitawapelekea Aprili, masika yakituzuia nyumbani, wang'oe lile bati la jiko. Fundi wa vyombo ameshaniambia badala yake atatia mbao.